SOMO: FUTA KWANZA, PAKA GRISI BAADAYE



Karibu kila kikundi cha kujisaidia hapa Turkana kina kitu kinachozunguka au kinachovutwa. Kikundi kimoja kina trela ya maji. Kingine kina mkokoteni wa punda, kingine mashine ya kusaga unga, kingine baiskeli za kubeba mizigo. Vitu hivi havikuanguka kutoka mbinguni. Mbuzi waliuzwa, vikapu vya mkoma vilisukwa vikapelekwa sokoni, na shilingi zilichangwa wiki baada ya wiki mpaka zikatosha.

Lakini katika kutembelea vikundi tumeona jambo moja. Pesa za kununua kitu hupatikana kwa harambee, na kila mtu anakumbuka siku kilipoletwa. Pesa na mtu wa kukitunza, hapo ndipo kimya kinaanza. Baada ya miaka miwili trela imelala chini ya mti, gurudumu moja limetoka, na kuku wanataga ndani.

Somo hili ni juu ya kazi ndogo inayozuia mambo hayo: kupaka grisi. Wengine watasema, "Hiyo si kazi ya kufundishwa, mtu anachota tu na kupaka." Hapana. Grisi ikipakwa vibaya katika nchi ya mchanga kama hii yetu, inaweza kula chuma haraka kuliko kutopaka kabisa. Tusome pamoja, na mwisho mtapata maswali ya kujadili kikundini.

1. KWA NINI KWETU NI TOFAUTI

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi. Mvua ya mwaka mzima Lodwar ni kama milimita 200 tu, na mchana joto hufika nyuzi 35 na kupita. Upepo unavuma, vumbi linapanda, na mkivuka laga mnapita katika mchanga mtupu. Hata pale barabara kuu ilipowekwa lami, mkiiacha tu kuelekea kijijini mko mchangani tena.

Chukueni grisi kidogo kwenye kidole, mguse mchanga, kisha msugue kati ya vidole viwili. Mnasikia nini? Ni msasa. Fundi wa mbao hutumia msasa kula mbao, na mchanga uliochanganyika na grisi hula chuma vivyo hivyo, polepole, kila gurudumu linapozunguka na kila trela inapokata kona.

Hapo ndipo maneno ya kichwa cha somo letu yanapotoka. Futa kwanza. Mtu anayeongeza grisi mpya juu ya grisi kuukuu iliyojaa mchanga hajalainisha kitu. Ameulisha ule msasa mafuta.

2. GRISI NI NINI?

Akina mama wanaotengeneza sabuni wataelewa upesi. Grisi ni oili iliyoshikwa na aina ya sabuni. Ile sabuni iko kama sponji: imenyonya oili na kuishika mahali pake. Vyuma vinaposuguana, oili inatoka kidogo kidogo na kuvitenganisha. Ndiyo maana grisi hukaa pale ambapo oili peke yake ingetiririka chini.

Sabuni zinazotumika si za aina moja, kwa hiyo grisi nazo si za aina moja. Grisi ya kalsiamu inastahimili maji vizuri, lakini ile ya kawaida haipendi joto kubwa. Grisi ya lithiamu inastahimili joto na maji pia, kwa hiyo inafaa kwa kazi nyingi za kikundi. Someni kopo. Mkiona neno lithiamu limeandikwa pamoja na namba 2, hiyo inafaa kwa ndoano na kwa beringi za magurudumu. Namba ni ugumu wa grisi: namba ndogo ni laini, namba kubwa ni ngumu.

Msidanganyike na rangi. Grisi nyekundu, ya bluu, ya manjano, hizo ni rangi za kiwanda tu. Na msichanganye aina mbili ndani ya beringi moja. Sabuni zisizopatana hulegea, na grisi yote inageuka uji na kumwagika.

Tunaulizwa pia kuhusu mafuta ya kupikia na mafuta ya kondoo. Zamani watu wa nchi nyingi walipaka mikokoteni yao mafuta ya wanyama, ni kweli. Lakini mafuta hayo huyeyuka kwa jua letu, na yakichacha hutoa asidi inayokula chuma. Ukiwa njiani huna kingine, yatakufikisha nyumbani. Ukifika, yafute yote.

3. KANUNI MBILI ZA KUKUMBUKA

Viungo vya chuma tuvigawe mafungu mawili.

KIUNGO KILICHOFUNGWA. Hiki kiko ndani ya nyumba yake, na mara nyingi kina kichuchu kidogo cha chuma ambacho mafundi hukiita nipo. Hapa grisi huingizwa kwa bomba la grisi. Futeni nipo kwanza mpaka ing'ae, la sivyo mchanga ulio juu yake utasukumwa ndani kabisa. Kama ni kiungo cha pini, pigeni bomba polepole mpaka grisi kuukuu itoke pembeni na mwone mpya inaifuata. Futeni iliyotoka, lakini acheni mkufu mwembamba wa grisi safi pale kwenye mdomo. Huo ni mlango: unazuia vumbi kuingia.

KIUNGO KILICHO WAZI. Hiki kinaonekana, kinapigwa na upepo, kama ndoano ya trela. Hapa kanuni ni kusafisha sana na kupaka kidogo. Tabaka jembamba kama mtu anayejipaka mafuta usoni linatosha. Grisi nene iliyo wazi ni mtego wa mchanga.

Hapo mtauliza, mbona malori makubwa yanayopita Lodwar na Kakuma kwenda Lokichoggio yana grisi nyingi nyeusi kwenye ile sahani trela inapokalia? Swali zuri. Sahani ile inabeba tani nyingi na kusuguana kila kona, kwa hiyo grisi nyembamba ingekauka upesi. Na trela yenyewe huifunika. Hata hivyo grisi ile inatakiwa kukwanguliwa na kuwekwa mpya kila baada ya muda. Trela ya kikundi haina uzito huo. Msiige.

4. NDOANO YA TRELA

Tunaikazia ndoano kwa sababu hapa si chuma tu kinachoharibika, ni maisha ya watu. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, kulikuwa na vijiji vilivyongoja maji yaliyoletwa kwa magurudumu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima, mbali na chuma cha trela. Tani hiyo ikichomoka kwenye mteremko, na watoto wanatembea kando ya njia kwenda shule, hakuna wa kuisimamisha.

Kama ni trekta, trela hushikwa na pini. Fanyeni hivi kila mnapofunga trela:

a) Chomoeni pini na kuifuta yote kwa kitambaa. Futeni na matundu inamopita, juu na chini.

b) Iangalieni. Kama imekonda katikati, imepinda au ina ufa, itupeni. Angalieni na tundu: likiwa limekuwa refu kama yai, pini inacheza, na kila mshtuko unalikuza. Fundi wa kuchomelea alijaze na kulitoboa upya.

c) Pakeni grisi nyembamba kwenye pini, kisha ipitisheni kutoka juu kwenda chini, kichwa kikiwa juu. Hivyo hata klipu ikianguka, uzito wa pini yenyewe utaishikilia kwa muda.

d) Wekeni klipu au spliti pini ya kweli. Waya si klipu.

e) Fungeni mnyororo wa usalama kati ya trekta na trela. Uwe na ulegevu wa kutosha kukata kona, lakini usiburuze chini.

Hapa tuseme jambo bila kuficha. Pini ikipotea, watu huchukua kipande cha nondo ya ujenzi. Nondo si pini. Ni nyembamba kuliko tundu, kwa hiyo inagonga kila trekta inapoondoka na inaposimama, na siku moja inakatika. Ile mistari yake nayo inakwangua tundu kama tupa. Grisi yoyote ile haitaokoa nondo. Nunueni pini mbili, moja iwe ya akiba na ikae na mtunza vifaa.

Kama trela inavutwa na pikapu, mara nyingi hukaa juu ya kichwa cha chuma cha mviringo. Kile cha kawaida kina upana wa milimita 50, na kikiliwa mpaka milimita 49 kinabadilishwa. Futeni kichwa hicho na ndani ya kikombe kinachokifunika, pakeni grisi nyembamba, na tieni tone la oili kwenye kufuli lake ili lifunge mpaka mwisho. Kabla ya kuondoka, mtu mmoja ainue mkono wa trela kwa nguvu. Ukiachana na kichwa, haukufungwa. Trela ikiwa imefunguliwa, funikeni kichwa kwa mfuko au kopo kuukuu ili vumbi lisikae.

Tena, angalieni mzigo. Trela ya ekseli moja ikibebeshwa zaidi nyuma, inainua ndoano juu na kuitikisa njia nzima. Mzigo uzidi kidogo mbele ya ekseli.

5. BERINGI ZA MAGURUDUMU

Trela nyingi, na mikokoteni mingi ya punda iliyotengenezwa na ekseli ya gari kuukuu, ina beringi ndani ya habu. Punda hawezi kusema kwamba gurudumu limekuwa zito. Yeye huvuta tu mpaka achoke, na sisi tunamwita mvivu. Mkiona punda anatoka jasho kwa mzigo uleule wa jana, angalieni magurudumu kabla ya kushika fimbo.

Kupima ni rahisi. Zuieni gurudumu la upande wa pili kwa mawe, inueni hili kwa jeki, na mweke gogo chini ya ekseli. Msiamini jeki peke yake. Zungusheni gurudumu kwa mkono. Likiunguruma kama jiwe la kusagia, kuna mchanga au beringi imeliwa. Shikeni juu na chini, mlitikise. Likicheza sana, nati imelegea au beringi imekwisha.

Kila mwaka mara moja, fungueni na kubadilisha grisi. Tandikeni turubai safi kwanza, na fanyeni asubuhi kabla upepo haujaanza. Osheni beringi kwa mafuta ya taa, mbali na moto na sigara, mkaushe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Wekeni grisi kwenye kiganja na kuisukumia ndani ya beringi mpaka itokee upande wa pili, kati ya kila gololi. Ndani ya habu msijaze pote. Beringi inayozunguka haifanani na pini: grisi ikizidi inajikoroga yenyewe, inapata joto na kupasua sili. Nusu ya nafasi inatosha. Sili ikiwa imechanika, wekeni mpya, kwa maana bila sili kazi yote ni bure.

Wakati wa kurudisha, kazeni nati huku mkizungusha gurudumu, kisha ilegezeni kidogo, kama robo ya mzunguko au pungufu yake, mpaka gurudumu lizunguke kwa wepesi bila kucheza. Wekeni spliti pini mpya. Ya zamani imeshakunjwa, itakatika.

Baada ya kilomita 10 hivi, simameni na mguse habu kwa tahadhari. Ikiwa vuguvugu, ni sawa. Ikiwa hamwezi kuacha mkono hapo, msiendelee.

Tuongeze neno kuhusu laga. Habu yenye moto ikiingia ghafla kwenye maji, hewa iliyo ndani inapoa na kujivuta, na maji yananyonywa ndani kupitia sili. Kwa hiyo mkikuta Tarach au laga nyingine ina maji, kwanza hakikisheni ni salama kuvuka, maana mafuriko hayana huruma. Kama maji yatafika kwenye habu, ngojeni ipoe. Na kama magurudumu yalizama, msingoje mwaka uishe: fungueni wiki hiyohiyo.

6. VIFAA VINGINE VYA KIKUNDI

Mashine ya kusaga. Zimeni injini kabisa kabla ya kugusa. Beringi zake zipewe grisi kidogo kidogo kama kitabu chake kinavyosema, na iliyotoka nje ifutwe mara moja ili isidondokee unga wa watu.

Baiskeli. Mnyororo unataka oili, si grisi. Ufuteni, tieni tone kwenye kila kiungo, zungusheni pedali, kisha futeni tena nje mpaka mkono usichafuke. Oili inayofanya kazi ni ile iliyo ndani ya viungo.

Pampu ya mkono. Hapa lazima mjue pampu yenu ni ipi. Afridev, inayotumika sehemu nyingi za Kenya, ina beringi za plastiki ambazo hazitaki grisi wala oili. Mkiipaka, mnakaribisha mchanga tu. India Mark II ina mnyororo ndani ya kichwa chake, na huo lazima upakwe grisi. Majirani wawili wanaweza kuwa na pampu mbili tofauti, na ushauri mwema kwa mmoja ukawa hasara kwa mwingine.

Mahali pa kutopaka kabisa ni breki, mikanda ya mashine, na vipande vya raba. Breki yenye grisi haishiki, mkanda unateleza, na raba nyingi huvimba na kuoza.

7. OILI CHAFU

Oili iliyotolewa kwenye injini hupakwa kila mahali kwa sababu ni ya bure. Lakini ina masizi na vumbi la chuma, kwa hiyo haifai kwa beringi. Tena inadhuru ngozi. Vaeni glavu mikononi, na mnawe kwa sabuni.

La muhimu zaidi, msiimwage kwenye laga. Kiangazi tunachimba visima katika mchanga wa Turkwel na Tarach, na maji hayo tunakunywa sisi, watoto na mifugo. Oili kidogo huharibu maji mengi, na mchanga haiusafishi. Ikusanyeni kwenye mtungi wenye kifuniko, uandikeni SUMU, na mwulize gereji za mjini nani anayechukua. Vitambaa vyenye grisi navyo visiachwe mbuzi wakavila.

8. NANI ATAFANYA?

Kazi ya wote ni kazi ya hakuna mtu. Chagueni mtunza vifaa mmoja na msaidizi wake, mwanamke au mwanamume, kijana au mzee, bora awe mtu wa kufuata utaratibu. Wakabidhini kopo la grisi lenye kifuniko kinachobana, maana kopo lililoachwa wazi kwa siku moja ya upepo limeshakuwa msasa. Wapeni na bomba, brashi ya waya, vitambaa na daftari.

Katika daftari waandike tarehe, kilichofanywa na jina la aliyefanya. Utaratibu wenyewe ni huu:

Kila safari: pini, klipu, mnyororo wa usalama, kugusa habu.
Kila wiki: nipo zote, mnyororo wa baiskeli, kufuta vumbi.
Kila mwezi: kuinua magurudumu na kuyatikisa.
Kila mwaka, au baada ya kuzama majini: kufungua beringi.

Mwenyekiti asome daftari hilo katika mkutano, kama mweka hazina anavyosoma hesabu za pesa. Trela nayo ni pesa za kikundi, ila zimesimama juu ya magurudumu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Taja kila kitu cha kikundi kinachozunguka au kuvutwa. Kipi kina viungo vilivyofungwa, na kipi kina viungo vilivyo wazi?

2. Mtu mmoja aulize bei Lodwar au Kakuma: kopo la grisi, beringi moja na sili yake, na kukodi gari la kuvuta trela iliyoharibika njiani. Ziandikeni ubaoni pamoja. Mnaona nini?

3. Pini ya trela yenu sasa hivi ni pini au ni nondo? Nendeni mkaangalie kabla ya kujibu.

4. Oili chafu ya kijiji chetu inamwagwa wapi? Ni umbali gani kutoka mahali tunapochota maji?

5. Nani atakuwa mtunza vifaa, na fedha za grisi zitatoka wapi kila mwezi?

Baada ya majadiliano, msifunge mkutano kwa maneno tu. Tokeni nje wote, mchukue kitambaa, na mfute ndoano ya trela pamoja mara hii ya kwanza. Kijana asiyejua na aone. Kikundi kisicho na trela kianze na mkokoteni au baiskeli, kanuni ni ileile.